Sifa Bainifu za Ngoma: Jina, Tukio na Mwili katika Ngoma za Ipinda na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala hii inajadili vigezo vinavyoitofautisha ngoma moja na nyingine. Kamusi za Kiswahili, waamuzi wa mashindano na hata baadhi ya maandishi ya kitaaluma huzitambulisha ngoma kwa kabila na kwa miondoko ya mwili. Kwa kutumia dhana ya sifa bainifu kutoka katika fonolojia, na kwa kurejelea ngoma za msiba za Wanyakyusa, familia ya mganda iliyoenea kandokando ya Ziwa Nyasa na mitindo ya bendi za dansi nchini Tanzania, makala inaonesha kwamba miondoko ni kigezo kimoja tu miongoni mwa vigezo kadhaa, na kwamba kigezo kinachobainisha katika ngoma moja kinaweza kuwa pambo tu katika nyingine. Hoja kuu ni kwamba ngoma hubainishwa na sifa ambayo ikibadilishwa wenyewe hukataa kuiita kwa jina lile lile. Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna ya kuzifafanua ngoma katika kamusi na katika kumbukumbu za utamaduni.

1.0 Utangulizi

Ipinda ni mji mdogo katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, kwenye barabara itokayo Kyela kuelekea Matema. Uko katika uwanda wa mpunga na kakao uliobanwa kati ya safu ya milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa. Wenyeji wake wengi ni Wanyakyusa, ambao lugha yao, pamoja na Kingonde cha upande wa pili wa Mto Songwe, huwekwa katika kundi la M.31 la uainishaji wa Guthrie. Jirani zao ni Wakisi wa ufukweni, wanaojulikana kwa ufinyanzi wa vyungu, na Wakinga wa milimani, ambao lugha zao huwekwa katika kanda ya G. Watu wa lugha hizi hukutana sokoni, makanisani na misibani. Kwa hiyo, swali la ngoma hii ni ipi na ile ni ipi ni swali la kawaida katika eneo hili, kwa sababu ngoma za watu mbalimbali husikika na kuonekana pamoja.

Swali hilo lina uzito wa kitaaluma pia. Mtu anayetafuta jina la ngoma katika kamusi za Kiswahili mara nyingi hupata maelezo yanayoanza na kauli “aina ya ngoma”, ikifuatwa na jina la kabila au mahali. Maelezo ya namna hiyo humweleza msomaji ngoma hiyo ni ya nani, lakini hayamwelezi ni nini. Msomaji hawezi kuyatumia kuitenganisha na ngoma nyingine ya watu hao hao. Udhaifu huo hautokani na uzembe wa watunga kamusi. Unatokana na kukosekana kwa nadharia inayoonesha ni sifa zipi za ngoma zinazostahili kuingizwa katika fasili. Makala hii inajaribu kuziba pengo hilo.

2.0 Ugumu wa Istilahi

Ugumu wa kwanza umo katika neno lenyewe. Neno ngoma lina asili katika mzizi wa Mame-Bantu *-gòmà, wenye maana ya chombo cha kupigwa. Katika Kiswahili neno hilo limepanuka na kubeba maana tatu kwa wakati mmoja: chombo, mchezo wa mwili unaoambatana na chombo hicho, na mkusanyiko mzima wa watu, wimbo na wakati. Methali isemayo ngoma ya watoto haikeshi inaihusu maana hii ya tatu. Kinachokesha si chombo wala hatua za miguu, bali ni tukio. Na tukio hilo linapimwa kwa umri wa wahusika na urefu wa usiku. Umbo goma, linalotumika Lamu kwa ngoma ya wanaume wanaojipanga safu wakiwa na bakora na kwenda kwa madaha, linaonesha zaidi jinsi jina hili linavyochezewa kimofolojia: kuhamishwa kwa nomino kutoka ngeli moja kwenda nyingine kumetoa jina la ngoma mahususi.

Ugumu wa pili umo katika kitenzi. Kiswahili hutumia -cheza kwa ngoma, karata na mpira. Kinyakyusa nacho kina kitenzi ukukina, ambacho hutumika kwa michezo kwa jumla, ukiwamo mpira. Katika Kikongo, kitenzi chenye umbo hilo hilo, kukina, kina maana ya kucheza ngoma. Katika Kiswahili, mpaka kati ya kucheza ngoma na kucheza kwingine hauwekwi na kitenzi peke yake. Huwekwa na nomino inayokifuata au na muktadha wa usemi. Hii ndiyo sababu majina ya ngoma yana mzigo mkubwa wa maana, na ndiyo sababu uchunguzi wa aina za ngoma hauna budi kuanzia kwenye majina.

Majina hayo hayakujengwa kwa msingi mmoja. Msewe wa Pemba umepewa jina kutokana na njuga za majani ya mti zinazofungwa miguuni. Msondo ni jina linalohusishwa na jando na unyago. Beni imechukua jina kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Lelemama inajulikana kwanza kwa kuwa ngoma ya wanawake. Kwa hiyo, mtafiti anayedai kwamba ngoma zote hutofautishwa kwa miondoko anazipinga lugha za wachezaji wenyewe.

3.0 Kiunzi cha Uchambuzi

Wazo la kuichambua ngoma kwa mbinu za isimu si geni. Adrienne Kaeppler (1972), akichunguza ngoma za visiwa vya Tonga katika Pasifiki, alipendekeza vipashio vidogo vya mwendo alivyoviita kinimu, kwa mfano wa fonimu, na vipashio vyenye maana ya kimuundo alivyoviita mofokini. Jambo la msingi katika mbinu yake si istilahi hizo bali ni jaribio lake: Watonga wenyewe ndio walioulizwa kama miendo miwili ni mmoja au ni tofauti. Joann Kealiinohomoku (1970) naye alionesha kwamba hata bale ya Ulaya ni ngoma ya kikabila, kwa maana kwamba imebeba mila na maadili ya watu walioizaa. Hivyo hakuna ngoma iliyo nje ya utamaduni ambayo inaweza kutumika kuwa kipimo cha nyingine.

Makala hii inalichukua jaribio la Kaeppler na kulipeleka hatua moja mbele, kutoka katika mwendo hadi katika ngoma nzima. Katika fonolojia, sifa bainifu ni ile inayotofautisha maana. Mpumuo ni mfano mzuri. Katika Kimvita na Kiamu, paa ‘sehemu ya juu ya nyumba’ na p’aa ‘mnyama’ hutofautishwa na mpumuo. Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili sanifu sauti hiyo inaweza kusikika au kutosikika bila kuathiri maana. Sauti ni ile ile, lakini kazi yake hubadilika kulingana na mfumo. Vivyo hivyo, mkuki, duara au njuga inaweza kuwa bainifu katika ngoma moja na kuwa sifa ambatani tu katika nyingine.

Sifa zinazopaswa kujaribiwa ni sita: tukio linaloiita ngoma, chombo kinachoongoza, umbo la kundi, kama vile duara, safu au mmojammoja, sehemu ya mwili inayobeba mdundo, haki ya kuingia uwanjani, na wimbo au maneno yanayosemwa. Jaribio ni rahisi: sifa moja hubadilishwa, nyingine zikaachwa kama zilivyo. Wenyewe wakiendelea kulitumia jina lile lile, sifa hiyo ni ambatani. Wakilikataa jina hilo, au wakiongeza neno la kulipunguza nguvu, sifa hiyo ni bainifu.

4.0 Ngoma ya Msiba: Tukio kama Sifa Bainifu

Kumbukumbu iliyo tajiri zaidi kuhusu ngoma za Wanyakyusa ilitokana na utafiti wa Godfrey na Monica Wilson uliofanyika kati ya mwaka 1934 na 1938, wakati uwanda wa Kyela ukiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Katika makala yake ya mwaka 1939 kuhusu desturi za mazishi, Godfrey Wilson anaeleza jinsi vijana wa kiume walivyocheza msibani wakiwa na mikuki, wakiruka na kukimbia, ngoma zikipigwa, huku wanawake wakilia na wengine wakipita katikati ya wachezaji. Monica Wilson alizirudia data hizo kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu mila za ukoo.

Jambo linalovuta fikira katika maelezo hayo ni mgongano kati ya kinachoonekana na kinachosemwa. Mgeni angeona furaha: vijana wanajionesha, wasichana wanatazama, vumbi linatimka. Aliyezoea majeshi angeona vita, kwa kuwa miruko na mikuki ni ya vita. Wenyewe walipoulizwa walieleza kwamba wanacheza kwa sababu mioyoni mwao mna vita, yaani uchungu na hofu inayochemka. Miondoko ilikuwa ya vita, sura ilikuwa ya sherehe, na maana ilikuwa ya maombolezo. Mchambuzi anayeainisha kwa miguu peke yake angeiweka ngoma hiyo katika kundi la ngoma za vita. Anayeainisha kwa sura angeiweka katika kundi la ngoma za furaha. Wote wawili wangekosea, kwa kuwa kilichoibainisha ngoma hiyo ni tukio lililoiita pamoja na uhusiano wa wachezaji na marehemu.

Historia inaliunga mkono jaribio hili. Wakati wa utafiti wa akina Wilson, mapigano ya mikuki baina ya machifu yalikuwa yamekwisha komeshwa na utawala wa kikoloni. Vita viliondoka, na miruko ya vita ikabaki msibani. Endapo miondoko ndiyo ingekuwa sifa bainifu, ngoma hiyo ingepoteza maana yake pamoja na vita vyenyewe. Badala yake, mwendo uliotoka vitani ulipata kazi mpya: kuyapa majonzi umbo la mwili na kumwezesha mfiwa kuondoka katika hofu na kuurudia uhai.

Ushahidi wa pili unatokana na waliojizuia kucheza. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin waliingia katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Akina Wilson wanaonesha kwamba katika miaka ya 1930 Wakristo waliimba tenzi za kanisani kwenye mazishi na hawakucheza. Ikiwa miruko ile ingekuwa mwendo wa mwili tu usio na kiapo ndani yake, kusingekuwa na sababu ya kuikataa. Kuikataa kwao kunathibitisha kwamba kuingia uwanjani kulikuwa kutamka jambo kuhusu kifo, wazee na vivuli vyao. Haki ya kuingia, na hata wajibu wa kuingia, vilikuwa sehemu ya fasili ya ngoma hiyo. Kwa namna hiyo, katika uwanja mmoja wa msiba, namna ya kutumia mwili ilitosha kuonesha nani ameshika imani ipi.

5.0 Familia ya Mganda: Umbo la Kundi kama Sifa Bainifu

Mfano wa pili unatoa jibu tofauti. Terence Ranger (1975) ameonesha jinsi beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilivyosafiri kwenda bara, na jinsi Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyowakusanya askari na wapagazi kutoka kila upande, vilivyoieneza zaidi. Katika safari hiyo ilizaa ngoma nyingine. Kalela ya Ukanda wa Shaba wa Zambia, iliyochunguzwa na J. Clyde Mitchell (1956), ni mojawapo. Kandokando ya Ziwa Nyasa jamaa zake ni mganda na malipenga.

Katika safari hiyo vyombo vilibadilika kabisa. Tarumbeta za shaba za pwani hazikupatikana kila kijiji, na mahali pake palichukuliwa na vibuyu vilivyotengenezwa ili kutoa mvumo wa sauti ya mwimbaji. Vibuyu hivyo ndivyo vinavyoitwa malipenga. Wimbo nao ulibadilika, kutoka Kiswahili hadi lugha za ziwani. Tukio pia halikuwa moja: ngoma iliweza kuchezwa kwenye sikukuu, kwenye ziara ya kijiji jirani au kwenye mashindano. Vitu vitatu havikubadilika: safu zinazokwenda kwa hatua za gwaride, sare, na ngazi za vyeo zilizoigwa kutoka jeshini na serikalini. Kundi la malipenga upande wa Malawi huitwa boma, neno lile lile la makao ya serikali.

Sifa za kundi hili ni kinyume kabisa na zile za ngoma ya msiba. Tukio linaweza kubadilika na mganda ukabaki mganda. Safu zikivunjwa, kila mchezaji akaruka peke yake kama vijana wa msibani, jina halina tena mahali pa kushikilia. Hata chombo, ambacho ndicho kilichozaa jina malipenga, kina uzito mdogo kuliko safu, kwani ndugu zake wametumia vyombo vingine na ujamaa wao bado unatambulika. Katika msewe wa Pemba, kwa upande mwingine, kuondoa njuga miguuni ni kuiondoa ngoma yenyewe. Sifa za kimaumbile ni zile zile. Mifumo ndiyo inayozipa uzito tofauti.

6.0 Mitindo ya Dansi: Jina kama Sifa Bainifu

Ngazi ya tatu iko mbali na ziwa, lakini imewafikia watu wa Ipinda kupitia redio. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, neno mtindo limepata maana mahususi: jina la uchezaji linalomilikiwa na bendi. Western Jazz walikuwa na saboso. Vijana Jazz, takatuka. Orchestra Maquis, kamanyola. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, sikinde. Na bendi ya wafanyakazi iliyoanza kwa jina la NUTA, msondo. Msikilizaji angeweza kutarajia kwamba kila jina lina hatua zake zisizofanana na nyingine. Hata hivyo, mara nyingi mchezaji ukumbini aliweza kucheza kwa namna ile ile kwa bendi mbili mahasimu. Kilichotenganisha mtindo na mtindo kilikuwa mpangilio wa magitaa na ngoma, na zaidi ya hapo ushabiki: kusema “mimi ni wa Sikinde” kulikuwa kutaja upande.

Hata hapa jina halikuelea hewani. Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo, na msondo limetoka katika mila za jando na unyago. Bendi zilichukua jina la tukio la kimila na kulifanya jina la chama cha mjini. Mwendo na tukio viliachwa nyuma, na jina likasafiri peke yake. Katika istilahi za isimu, hapa pana uhamishaji wa maana, na kamusi inayoandika neno sikinde haina budi kuonesha vidahizo viwili au maana mbili zilizotenganishwa waziwazi.

7.0 Ngoma Ikipanda Jukwaani

Mifano hii mitatu inasaidia kulielewa tatizo linaloigusa Ipinda kama inavyogusa maeneo mengine ya nchi. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba vijana walijua rumba na chachacha lakini hawakuzijua ngoma za nchi yao, na akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni. Kikundi cha ngoma cha taifa kilifuata, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa. Nia ilikuwa njema na matunda yake ni mengi. Lakini ili ngoma za makabila mbalimbali zichezwe na wasanii wale wale, jukwaa lile lile, ilibidi kila ngoma ipunguzwe hadi kufikia kile kinachoweza kubebwa na mwili: miondoko, vazi na mdundo. Laura Edmondson (2007) amejadili jinsi sindimba ya Wamakonde ilivyokuwa alama ya taifa huku unenguaji wa kiuno ukipewa nafasi ya mbele.

Ngoma iliyojengwa juu ya umbo la kundi, kama mganda, huweza kuivuka safari hiyo bila hasara kubwa, kwa sababu safu na sare hupanda jukwaani pamoja na wachezaji. Ngoma iliyojengwa juu ya tukio haiwezi. Miruko ya msibani ikichezwa kumpokea kiongozi, duara hufunguka na kuwa safu inayomtazama mgeni rasmi. Usiku mzima hukatwa na kuwa dakika chache. Na aliyekuwa na wajibu wa kuingia uwanjani, yaani jirani, ndugu au rika la marehemu, hubaki mtazamaji. Hatua moja moja zinaweza kuwa sahihi zote, na hata hivyo ngoma ikawa nyingine.

Hii haina maana kwamba ngoma ya jukwaani ni bandia. Miruko ile ile ilikwisha hama mara moja, kutoka vitani kwenda msibani, na hakuna anayeiita ngoma ya msiba bandia kwa sababu hiyo. Inachodai hoja hii ni usahihi wa kumbukumbu. Mwamuzi anayetoa alama kwa “uhalisia” wa hatua anapima sifa ambatani akidhani anapima sifa bainifu. Mwanafunzi anayefundishwa hatua hizo bila kuelezwa zilikoita watu wapi na kwa nini, amefundishwa sauti ya neno bila maana yake.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba hakuna sifa moja inayozibainisha ngoma zote. Katika ngoma ya msiba ya Wanyakyusa, sifa bainifu ni tukio na haki ya kuingia uwanjani; katika familia ya mganda, ni umbo la kundi na vyeo; katika msewe, ni chombo; katika mitindo ya dansi, ni jina na kundi linalolimiliki. Kabila na miondoko, vigezo vinavyotumika zaidi, mara nyingi huonesha asili ya ngoma tu.

Kutokana na matokeo haya, inapendekezwa kwamba fasili ya ngoma katika kamusi itaje kwanza sifa bainifu, kisha sifa ambatani, na mwisho mahali na watu. Kwa utaratibu huo, mganda unaweza kufasiliwa kuwa ngoma ya safu zinazokwenda kwa hatua za gwaride, wachezaji wakiwa na sare na vyeo vilivyoigwa kutoka jeshini, inayochezwa kandokando ya Ziwa Nyasa. Ngoma ya msiba ya Wanyakyusa inaweza kufasiliwa kuwa ngoma ya maombolezo iliyochezwa na wanaume waliohusiana na marehemu, kwa miruko iliyotoka vitani. Fasili hizo mbili zinatenganisha kile ambacho kauli “aina ya ngoma” imekichanganya. Kwa fomu za kukusanyia kumbukumbu, inapendekezwa kwamba swali la kwanza kwa wazee lihusu kile ambacho kikiondolewa hawataiita tena kwa jina hilo, ndipo yafuate maswali kuhusu namna inavyochezwa. Wazee walioiona ngoma ikiitwa na tukio lake wanazidi kupungua, na hakuna picha ya video, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kulijibu swali hilo kwa niaba yao.